Meneja na Karani Wake

Mtaani walimwita Mama Kishindo, na hakuna aliyemwonea. Mwanamke yule hakuwa na mazoea ya kuita mtu kwa mdomo. Akikutaka, alipiga mguu sakafuni, ti!, na nyumba yake ya mbao ikatikisika mpaka vikombe vikagongana kabatini. Marehemu mumewe alikuwa akitania kwamba hata siku alipomposa hakusikia "ndiyo", alisikia mguu.

Tabia hiyo aliitoa kiwandani. Ujana wake wote uliishia kwenye kiwanda cha nguo, ghorofa ya juu, katikati ya mitambo ya kufumia iliyonguruma kutwa nzima. Mle ndani ungepasua koo bure. Wafumaji walisemezana kwa mikono na midomo, na ukitaka mwenzako ageuke, ulipiga mguu kwenye mbao, naye akaupata mshindo nyayoni. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walirudi kwenye dunia ya watu wanaoitana kwa sauti. Yeye alirudi na mguu wake, na masikio yaliyobaki nusu.

Binti wa kaka yake alikuwa mwajiriwa wa kituo cha kuokoa mbwa, wale wanaotupwa, wanaogongwa, wanaoachwa wamefungwa uani wenye nyumba wakihama. Vizimba vya kituo havikutosha hata siku moja, kwa hiyo mbwa waligawiwa watu wa kuwalea kwa muda, mpaka apatikane wa kuwachukua moja kwa moja. Shangazi mjane, watoto wako mbali, uwanja una uzio: yule binti hakuhitaji kupiga ramli kujua aanzie wapi. "Ni wiki mbili tatu tu, Shangazi," alisema. Tangu hapo mbwa wakaingia na kutoka mpaka mama mwenyewe akasahau idadi. Hakubaki na hata mmoja. "Hapa ni stendi," aliwaambia majirani. "Nikimweka huyu, anayekuja nyuma yake atalala wapi? Halafu kwa umri wangu huu, mtoto wa mbwa si atanizika?" Alisema hivyo akicheka, na kila mbwa alipoondoka alijifungia jikoni, akatoka na macho mekundu akisingizia moshi.

Ndipo wakaletwa wale wawili. Walikutwa ndani ya nyumba ambayo wapangaji wake walihama wakafunga mlango. Mmoja dume kubwa, kifua kipana, kichwa kama ndoo. Wa pili jike dogo, mifupa mitupu na makelele, sikio moja limekunjika. Kituoni walijaribu kuwaweka vizimba tofauti. Dume likakwaruza ukuta mpaka kucha zikatoka damu, na jike likakataa chakula mpaka likaanza kuyumba. Daktari wa mifugo alipoona hivyo akakata shauri: hawa wanaondoka pamoja au hawaondoki. Maneno mazuri, lakini nani anataka mbwa wawili kwa mpigo? Na mbwa waliokaa muda mrefu bila kupata mtu, kituo kiliishia kuwachoma sindano ya kuwalaza moja kwa moja. Binti hakuficha. "Shangazi, hawa tukishindwa kuwapatia nyumba, ndiyo basi tena."

Mama Kishindo aliwapa majina siku hiyo hiyo. Dume akawa Meneja, jike akawa Karani. Ukiwatazama kidogo ulielewa kwa nini. Meneja alilala. Karani alifanya kazi. Akipita paka, mtu wa barua, hata upepo ukisukuma lango, Karani ndiye aliyeshtuka, akabweka, kisha akaenda kumsukuma mwenzake taya kwa pua. Hapo ndipo Meneja alipoinuka polepole na kutoa sauti moja nzito, na aliyekuwa nje akakumbuka kwamba ana njia nyingine ya kupita. "Mmeona ofisi yoyote isiyokwenda hivyo?" mama aliwauliza majirani, nao wakashika mbavu.

Siku moja mchana akaja mwenye ghala mmoja kuwatazama, shati jeupe limenyooshwa vizuri, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ghala lake lilikuwa karibu na reli, na wafanyabiashara walimlipa awahifadhie mizigo. Siku hizo maneno yalikuwa yameenea: mtu anaweka marobota yake ya nguo, akija kuyachukua anakuta yamepungua.

"Ni wezi, mama," alisema kwa sauti ya chini, ya upole, iliyomlazimu Mama Kishindo kuinama ili amsome midomo. "Wateja wamenijia juu. Nimeona nitafute mbwa."

"Hawa wanakwenda wote wawili," mama akamwambia. "Hilo halina mjadala."

"Nimeshaambiwa na binti yako. Nitawachukua wote."

Alijibu haraka mno. Watu wengine wote waliokuja kuwaona walivuta mdomo, wakauliza kama haiwezekani kuchukua mmoja, wakaaga. Huyu hakuuliza Karani anakula nini wala ana umri gani. Kitu kikamgusa mama kifuani, kidogo tu, akakipuuza. Mtu amekuja na adabu zake, amekubali wote wawili, wewe unatafuta nini zaidi? Watu wapole namna ile wanatisha, lakini hayo huyajui mpaka uchelewe.

Karani hakutaka kusikia habari za adabu. Alimbwekea mgeni tangu langoni, akambwekea kwenye chai, akambwekea alipokohoa. "Huyu mdogo anasema sana," mwenye ghala alisema akitabasamu. Mama aliona aibu, akambeba Karani mpaka jikoni, akamfungia.

Aliporudi na sukari alisimama kidogo mlangoni. Meneja alikuwa amelala, amempa mgeni mgongo. Mgeni alipiga mluzi. Meneja hakugeuka. Akapiga makofi, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa nguvu. Hata mkia haukutikisika. Mwenye ghala akabaki akimtazama mbwa yule kwa raha, macho hayabanduki.

Mama Kishindo aliona haya kama mzazi ambaye mtoto wake amekataa kusalimia wageni. Akapiga mguu, ti! Meneja akainua kichwa, akasimama, akaja.

"Umeona? Anasikia vizuri sana," mama akasema. "Ni kiburi tu cha cheo."

Mwenye ghala alicheka mpaka akajifuta macho. "Huyu ndiye hasa ninayemtaka," alisema.

Waliondoka na gari lake kesho yake, Karani akiwa amejibana chini ya kidevu cha Meneja. Mama alikwenda jikoni na moshi wake.

Siku chache baadaye binti alipita kumjulia hali. Alikuwa na furaha tele, kwa sababu mwenye ghala amepiga simu kusema mbwa hawana tatizo. Wakakaa kibarazani.

"Ila kituoni Meneja alikuwa hanijali kabisa," binti akasema. "Namwita weee, ananipa mgongo. Wewe ulikuwa unamwitaje?"

"Kama ninavyowaita wote. Napiga mguu."

"Na kwa mdomo?"

"Kwa mdomo nimwite nani, mimi?"

Binti akaweka kikombe chini. Mama Kishindo akayaona yote kwa pamoja: sufuria iliyoanguka pembeni ya Meneja naye asigutuke, mluzi, makofi, pua ya Karani kwenye taya lile. Kwa watu wengine wote, mbwa kama huyo angegundulika siku ya kwanza. Yeye alikuwa na sakafu ya mbao na mguu wa kiwandani, akaishi na mbwa kiziwi bila kujua, akamdhamini kwa mdomo wake mwenyewe. Na kituoni, kwenye makelele yale ya vizimba, daktari alimpima meno, ngozi na minyoo akaridhika.

"Ghalani kuna malori," mama akasema. "Yanarudi nyuma kutwa nzima."

"Si yuko na Karani, Shangazi. Karani atamwamsha."

"Na kama hayuko naye?"

Binti alikuwa na zamu. Mama hakumngoja. Alijifunga kitambaa kichwani, akatoka peke yake na roho mkononi. Njiani alijipangia maneno. Akimwambia yule bwana ukweli, kwamba mlinzi wake hasikii, atawarudisha kituoni, na kituoni kuna sindano. Asipomwambia, lori litamaliza kazi. Alifika langoni akiwa hajachagua.

Uwanja wa ghala ulikuwa wa zege, mweupe kwa jua. Meneja alikuwa langoni, amefungwa mnyororo mfupi, mahali ambapo kila aingiaye lazima amwone. Karani hakuwepo. Mama akapiga mguu. Zege halikutoa kitu. Meneja alikuwa ameelekeza kichwa upande wa nyuma ya ghala, mnyororo umekaza, shingo imechubuka, na alikuwa akitetemeka.

Mama akafuata alikokuwa akitazama. Nyuma, kwenye mlango mdogo, vijana wawili walikuwa wakipakia marobota kwenye lori lisilo na maandishi. Marobota yalikuwa na alama ya rangi nyekundu, alama ya muuza vitambaa wa mtaani kwake, yule aliyekuwa akilia kila siku kwamba ameibiwa. Wale vijana walimwona, wakaacha kazi. Pembeni yao, kwenye kreti la mbao, kulikuwa na kitu kimejikunja. Ni Karani. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa ngozi.

"Karibu, mama."

Hakumsikia akija. Aligeuka, akamkuta mwenye ghala amesimama karibu kabisa naye, shati jeupe vile vile.

"Mbwa wako hasikii," mama akasema. Lilimtoka lenyewe. "Yule mkubwa. Ni kiziwi."

"Najua," alisema kwa upole. "Nilijua pale kwako, kabla yako. Wateja wangu wanataka kuona mbwa, mama. Hakuna aliyesema anataka kusikia mbwa."

"Na huyu mdogo?"

"Nilikwambia. Anasema sana."

Kiwandani Mama Kishindo aliwahi kuona mtambo ukimeza mkono wa mtu, na hata siku ile hakuogopa hivi. Lakini hasira nayo ilikuwapo, hasira ya kufanywa mjinga sebuleni kwake, na hiyo ndiyo iliyomsukuma. Aliinama, akafungua kreti, akamvua Karani ule ukanda. Hakuna aliyemzuia. Karani hakubweka. Alikimbia moja kwa moja mpaka langoni, akaingiza pua kwenye taya la Meneja, na lile dume kubwa likaanguka chini likalia kwa sauti ambayo lenyewe halikuweza kuisikia. Mama akalia nalo, waziwazi, bila moshi.

Akafungua mnyororo. Mwenye ghala alikuwa amemfuata, mikono mgongoni.

"Wachukue tu," alisema. "Mbwa wanapatikana. Umekuja kuona mbwa wawili, umewaona. Kingine hukuona." Akamfungulia lango mwenyewe. "Nyumbani kwako napajua. Nilikunywa chai pale, chai nzuri sana."

Binti alimwambia shangazi yake kwamba ni jasiri. Mama alimsimulia habari ya kreti na ukanda, akaishia hapo. Angeongeza nini? Kwamba ameona marobota yakipakiwa kwenye lori, ghalani, mchana kweupe? Si ndiyo kazi ya ghala. Muuza vitambaa alipopita akilalamika, mama alitazama chini, akaingia ndani.

Sasa Karani alilala mlangoni na Meneja nyuma yake, na mama akapata usingizi. Hayo yalimshangaza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akaanza kufikiri kwamba stendi inaweza kufungwa, kwamba hawa wanaweza kuwa wa mwisho. Hakumwambia mtu.

Kisha binti akaja mbio, hata viatu hakuvua. Wamepatikana watu. Mume na mke, wote walimu, wana uwanja mpana, nje ya mji, hakuna magari ya kupitapita. Wameambiwa kuhusu ukiziwi wa Meneja, wakasema watajifunza ishara za mikono. Wanawataka wote wawili, na wameuliza Karani anapenda kula nini.

"Shangazi, mbona hufurahi?" binti akauliza. "Unataka kubaki nao? Sema tu. Wewe ukisema, nitawajibu walimu."

Neno lilikuwa pale pale mdomoni. Angemweleza tu kilichosemwa langoni, binti angewaacha mbwa hapo hapo wamlinde, tena angewakataza kuondoka. Mama akawatazama. Karani alikuwa amesimama anatikisa mkia, Meneja amelala mahali pake pa sikuzote, shingo bado ina kidonda. Mtu anayekuja kwa mama atawakuta wao kwanza. Ataanza na yule anayesema sana.

"Waende," akasema. "Hapa ni stendi."

Walimu waliwachukua Jumamosi. Karani alipanda gari kwanza, akamgeukia mwenzake, akamngoja. Gari likaondoka nao wote wawili wakiwa wamebanana dirishani, na binti akawapungia mpaka wakapotea.

Siku hizi Mama Kishindo hukaa kibarazani, kiti amekigeuza kielekee lango. Kwa masikio yake, kitu asichokiona hawezi kukijua, kwa hiyo haangalii pengine. Gari la mwenye ghala hupita mara moja moja. Likifika mbele ya uzio hupunguza mwendo, kioo hushuka, na mkono wenye shati jeupe humpungia kwa adabu. Midomo husema kitu. Yeye huisoma kila mara, na kila mara ni neno lile lile: anamuuliza kama mbwa hawajambo.