Betri Zilikuwa Kwenye Leso

Nianze na waliokuwepo, msije mkasema bibi anaota. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo Nyambura, mama mzazi wa mume wangu Githinji. Alikuwepo Nyambura mdogo, binti yangu wa kwanza, wakati huo bado anatambaa. Githinji mwenyewe hakuwepo, alikuwa Timau akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, na nyumbani tulimwona mwisho wa mwezi. Alikuwepo jirani yetu Wangeci wa Muriuki, aliyekuwa mzee hata siku hizo, na Abdi mwenye duka kule Nanyuki. Na alikuwepo mmoja zaidi, huyo nitamfikia.

Jambo hili sikusimuliwa na mtu. Miguu iliyolitembea ni hii yangu, na sikio lililolisikia ni hili la kulia.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza kwanza baada ya Uhuru, tukiwa tumepata shamba letu karibu na mto Burguret, kwenye ardhi iliyokuwa ya mzungu. Mtoto alikuwa wa miezi michache niliposhikwa na homa, shingo ikakauka kama gogo, nikalazwa hospitali ya misheni hadi watu wakaanza kuulizana habari za jeneza. Nilipoamka, dunia ilikuwa imenyamaza. Palibaki kasauti kidogo tu, chini kabisa, kama mtu anayeongea ndani ya pipa lililofunikwa.

Daktari akanipatia mashine ya kusikia. Msifikirie hizi za siku hizi zinazojificha nyuma ya sikio. Ile ilikuwa kisanduku kama pakiti ya sigara, unakivaa kifuani kwenye kimfuko, na waya unapanda hadi sikioni. Watu walikuja kuitazama kama maonyesho. Na niwaambie ukweli, ilisikia kila kitu isipokuwa kile nilichokitaka. Nikitembea, nilisikia nguo yangu ikisugua kisanduku kama mtu anafagia ua. Nikiinama kukamua, ilipiga filimbi na ng'ombe akageuka kunitazama. Waya ukijikunja, kimya. Ukiunyoosha, inarudi kidogo, halafu kimya tena.

Lakini hayo yote yalikuwa mchezo. Taabu yenyewe ilikuwa betri. Ilikula zile ndogo nyembamba, na maduka ya kwetu yaliuza zile nene za tochi peke yake. Halafu ile baridi ya mlima ya mwezi wa saba, mnaijua. Betri uliyolala nayo ikiwa nzima, alfajiri ni maiti. Tulizianika juu ya mabati kama mahindi. Tulizilaza kando ya jivu. Tuliziuma kwa meno zitoe nguvu iliyobaki, na zangu zilikuwa na alama za meno ya Githinji, kwa sababu akija nyumbani alizitoa akaweka kwenye redio yake asikilize mpira, kisha akazirudisha akidhani sitajua. Nitakosaje kujua, na kiziwi ni mimi?

Sasa msikilize vizuri hapa, maana ndipo mambo yalipo. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akishapewa, halibaki kuwa jina tu. Mtoto ni yule bibi mwenyewe, amezaliwa tena. Mama mkwe wangu alilishika jambo hilo kwa mikono miwili. Alikuwa akiingia asubuhi ananiuliza, “Nimekunywa uji?” na mimi najua anauliza habari ya mtoto. “Nimelala vizuri? Nimekohoa?” Ndivyo tulivyoishi, na tulicheka.

Mtoto sikulala naye kitanda kimoja, kwa sababu dawa za hospitali zilinilaza kama gunia, na waliniambia ningeweza kumlalia. Alikuwa na kitanda chake karibu na meko. Basi usiku mmoja baridi ikaua betri, mtoto akalia hadi sauti ikakauka, na mimi niko hapo hapo sijui lolote. Aliyesikia ni Wangeci, kutoka ng'ambo ya ua. Asubuhi akaja kumwambia mama mkwe.

Nyambura akaja akasimama mbele ya uso wangu, akasema polepole ili nisome mdomo.

“Huyu mtoto ni mimi, ama si mimi?”

“Ni wewe, maitu.” Maitu ndiyo mama kwa lugha yetu.

“Basi mimi sitalia usiku kwa nyumba ya mtu hasikii. Leo uende Nanyuki. Ukirudi bila betri, ufunge nguo zangu, kesho napelekwa kwa Wanjugu.”

Wanjugu alikuwa binti yake aliyeolewa Mweiga. Nikauliza, akae huko hadi lini? Akasema, “Hadi niende shule.” Yaani mtoto, mnaelewa. Miaka. Sikujiuliza kwa nini asimchukue yeye mwenyewe, na nyumba yake iko hatua chache kutoka kwangu. Ningejiuliza, ningejua mengi mapema.

Nikamwachia mtoto, nikapanda lori la maziwa. Nanyuki nilizunguka maduka yote, kila mwenye duka ananionyesha zile za tochi. Mwishowe nikaingia kwa Abdi, aliyeuza mablanketi na chumvi ya ng'ombe na vitu ambavyo hata yeye alishavisahau. Alipekua rafu ya chini kabisa akatoa betri mbili zenye vumbi. Akaigusa moja kwa ulimi, akanionyesha kwa mkono kwamba bado inauma kidogo. Akanifundisha kwa ishara na midomo nizifunge kwenye leso, niziweke kifuani zipate joto la mwili, nisizitumie njiani. Njiani kuna nini cha kusikia? Nikaona ni shauri la mtu mwenye akili, nikamwachia zile zilizokufa azitupe. Nilizihifadhi kwa ajili ya usiku, usiku wa mtoto. Mashine yenyewe niliiacha sikioni tu, waya usije ukanasa.

Lori liliniacha darajani jua likielekea kushuka, lakini jua lenyewe hatukuliona siku hiyo. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani hadi kwenye nyasi. Njia ya kwetu ilifuata mfereji, ule wa zamani wa mzungu, unaotoa maji mtoni na kuyapitisha nyuma ya nyumba zetu. Nikatembea nikishika kifua, namwomba Mungu hizo betri zishike hata wiki moja.

“Mama, umerudi salama?”

Nikajibu nimerudi salama. Mwanamke alikuwa ameketi ukingoni mwa mfereji, akainuka tukaongozana. Alivaa gunia begani jinsi tulivyovaa sisi sote wakati wa kazi, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Aliuliza kama nimetoka sokoni, nikasema nimetoka Nanyuki. Aliuliza kama huko nako kuna baridi. Mazungumzo ya njiani tu. Kisha akakiangalia kisanduku.

“Hiyo ya kifuani ni ya nini?”

“Ni ya kusikia.”

“Inakula nini?”

“Inakula betri, na haishibi.”

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha chini. Akauliza ikikosa chakula inakuwaje. Nikamwambia ikikosa, mimi ni jiwe, hata ungepiga bunduki hapa ningekutazama tu.

“Lakini unanisikia.”

Nikasema ndiyo, nakusikia. Na hapo mkono wangu ukaenda wenyewe kifuani. Betri zilikuwa kwenye leso, zote mbili, zimefungwa fundo.

Nikasimama. Nikafungua kisanduku, nikakipapasa ndani kwa kidole: kitupu. Na ndipo nikakumbuka kwamba muda wote huo sikuwa nimesikia nguo yangu ikisugua. Maji ya mfereji yalikuwa yanapita hapo miguuni na sikuyasikia. Nilimsikia yeye peke yake. Nikamtazama vizuri. Pumzi yangu ilikuwa inatoka moshi kwa ile baridi. Yake haikutoka kitu.

Mtauliza, kwa nini hukukimbia? Niamini, miguu ilitaka. Lakini wewe hujawahi kukaa miezi mingi bila kusikia sauti ya mtu ikiwa safi, kila neno na mwisho wake. Nilitaka kujua. Nilitaka aseme tena, hata neno moja, nijue inafanyaje kazi. Hofu ilikuwepo, lakini ilisimama nyuma.

Akasema, “Nipe nisikilize kidogo.”

Nikaitoa sikioni nikampa. Waya ulikuwa mfupi, ikabidi asimame karibu nami kama dada, na upande wangu wote uliokuwa karibu naye ukapoa. Aliiweka sikioni, akainamisha kichwa kuelekea maji, akasikiliza kama mtu anayengoja kuitwa jina lake. Uso wake ulifunguka, halafu ukajifunga.

“Si wangu,” akasema. “Wangu halii tena. Huyu ni wako.”

Akanirudishia. Niliipachika sikioni ikiwa baridi kama kokoto la mtoni, na nikasikia mtoto akilia. Mbali, lakini wazi. Mama anajua kilio cha mtoto wake kati ya vilio mia, na ndani ya kilio hicho kulikuwa na maji.

Sikuaga. Nilikimbia nikiufuata mfereji, na kile kilio kilikuwa sikioni mwangu njia nzima, hadi nilipoona mabati ya kwetu. Hapo kikakatika kama uzi. Nikazunguka zizi la ng'ombe, nikamkuta. Alikuwa ametambaa hadi nje akateleza mferejini, mikono imeng'ang'ania nyasi, maji yanamfika kifuani, mdomo wazi. Nami nimesimama juu yake na simsikii hata chembe. Naona mdomo tu. Nikamtoa. Wangeci naye alikuwa anakuja mbio kutoka kwake, kanga imedondoka, maana yeye alikuwa amesikia.

Na Nyambura? Alikuwa jikoni anasuka kiondo, ameupa mlango mgongo. Kutoka alipoketi hadi mferejini ungeweza kurusha kijiko kikafika. Aligeuka nilipoziba mwanga wa mlango. Alimwona mtoto analowanisha sakafu, akakiweka kiondo chini.

Nilifungua leso, nikatia betri. Zilishika. Kwanza nguo, kisha moto, kisha mtoto anayelia kwa nguvu zote za mapafu yake. Mama mkwe alisema jambo fulani akitazama chini, ikabidi nimwambie aseme tena.

“Sikusikia,” akasema. “Tangu mvua ya mwaka uliopita sisikii vizuri. Niliona aibu. Nilijua hata kwangu hawezi kulala.”

Mkwe na mama mkwe, mnajua ilivyo. Kuna maneno ambayo ningeweza kuyatumia siku hiyo na hakuna mtu angenilaumu. Lakini nilimtazama, nikaitoa ile ya sikioni nikaipachika kwenye sikio lake, nikamsogezea mtoto. Alishtuka, akashika kisanduku kwa mikono miwili. Alisikiliza muda mrefu.

“Kumbe ndivyo ninavyolia,” akasema.

Tulimkausha mtoto, tukampa uji. Giza lilipoingia Nyambura hakwenda kwake. Alichukua uzi wa kiondo chake, ule mrefu aliousokota mwenyewe, akaufunga kwenye mguu wa mtoto, taratibu, asimuumize. Ncha nyingine akaifunga kwenye mkono wangu.

“Nikiamka usiku, nikuvute,” akaniambia. “Mweiga siendi.”

Uzi huo ulitulaza hadi mtoto alipojua kutembea, na haukuhitaji duka la mtu yeyote. Betri tuligawana mimi na mama mkwe, yeye siku ya kanisa, mimi siku ya soko, hadi alipokufa.

Yule mwanamke nilimwulizia. Wangeci alisema wakati wa mzungu wanawake walichimba ule mfereji kwa amri, na watoto wao waliwalaza kwenye nyasi, ndani ya mtaro uliochimbwa, mahali pasipo na upepo. Siku moja huko juu mtu akafungua maji bila kuwaambia. Jembe, na nyimbo za kazi, nani atasikia mtoto akizama? Yule niliyekutana naye, alisema, ndiye mama wa mtoto huyo. Mwingine, Mama Kabui wa kule darajani, alisema sivyo kabisa, mama huyo alikufa na homa tu na mtoto wake yuko hai hadi leo. Mimi sijui. Nilirudi pale mara nyingi, siku za ukungu, nimetoa betri makusudi, nikasimama kama mpumbavu. Sikusikia kitu. Mara moja tu upande wangu mmoja ulipoa.

Sasa wajukuu wamenipatia hii mashine mpya, ndogo kama haragwe, na betri yake ni kama punje ya dengu, ikidondoka ndani ya blanketi ndiyo kwa heri. Nayo inazimika katikati ya mahubiri, nayo inapiga filimbi, nayo haipendi baridi. Wanasema teknolojia imeendelea. Imeendelea kwenda wapi?

Ninyi mnaovaa hizi mashine, na ninyi mtakaozivaa, nawaambia hivi. Ikizimika na bado unasikia mtu anakusalimia, papasa betri kwanza ndipo uitike. Na ukishaitika, msikilize hadi mwisho, maana hajaja kwa ajili ya salamu.

Kama kuna jina nimelikosea, ninyi wa Burguret na Naro Moru mnirekebishe. Labda aliyekaa ng'ambo ya ua alikuwa Wangeci wa Kariuki, si wa Muriuki. Lakini lipo moja ambalo sikulikosea, kwa sababu sikulipata kamwe. Wangeci alisema aliitwa Wanjiru, Mama Kabui akasema Waruguru, na mimi nilitembea naye njia nzima nikimweleza habari za betri, nisimwulize jina. Anayelijua aniambie. Ningependa nimwite kwa jina lake.