Kofia Iliyopima Mbegu

Ninakusanya kofia za zamani za askari wa Kijerumani, zile za ngozi ngumu zenye mwiba wa shaba utosini. Mke wangu anaziita takataka zenye pembe. Ninazo mbili tu, juu ya kabati nyumbani kwetu Kawajense. Ya tatu, niliyoitamani tangu utotoni, iko kwa bibi yangu, kijijini Kabungu. Babu aliirithi kwa baba yake, aliyeiokota porini baada ya vita ya Mjerumani.

Bibi hana habari na Wajerumani. Kwake ile ni kipimo cha mbegu. Wakati wa kupanda anaigeuza juu chini, anaukita mwiba ardhini pembeni mwa shamba, kofia inasimama kama bakuli, ndipo anajaza mbegu.

Mwaka jana macho yake yalikuwa yamezimika kabisa, lakini alikataa katakata kupandiwa. Aliniita.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyotuita wajukuu wa kiume, "kanitengenezee hii kofia, ngozi inapasuka. Ila mvua zikianza nataka kipimo changu."

Nilifurahi kupita kiasi. Wiki tatu nilishinda nayo. Niling'arisha shaba, nikalainisha ngozi kwa mafuta, nikaziba kila mkwaruzo, nje na ndani. Siku ya kuirudisha moyo uliniuma, nilivyokuwa nimeipenda.

Bibi aliipokea, akatia mkono ndani, akapapasa. Akapapasa tena.

"Hii siyo yangu."

"Ni yenyewe, bibi."

"Alama ziko wapi? Ya maharage chini, ya karanga juu. Babu yako alizikata kwa kisu mwaka alionioa. Sasa nitapimaje na sioni?" Mkono wake ulikuwa ungali ndani. "Mume wangu, umemfuta mwenzio."

Niliona aibu mpaka machozi yakanilengalenga.

Nilichukua kisu cha jikoni. Mkusanyaji mwingine angenilaani. Bibi aliweka kidole palipokuwa na alama ya chini, bila kusita hata kidogo, nami nikakata ngozi kando ya ukucha wake. Halafu ya juu. Alipomaliza kuzipapasa alicheka.

"Mwenzio, yake ilipinda. Wewe umenyoosha mno."

Nikarudisha kisu kwenye alama, nikaipindisha.