Fundi wa makoti ya mbwa: "Mvua ikigoma, kwa nini inigomee mimi peke yangu?"

Naapa mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili kwamba yaliyomo humu ni kweli tupu. Nimeyaona kwa macho yangu mawili, na miwani juu yake. Atakayekuta uongo wa ukubwa wa tundu la sindano aje, nitalipa kutoka mfukoni mwangu, hata kama pensheni haijaingia.

Saa kumi na mbili asubuhi, fundi analivalisha dumu koti la mvua.

Ni dumu la plastiki la lita ishirini, lile la kuchotea maji. Limelazwa ubavu juu ya meza, limefungiwa miguu minne ya mbao kwa kamba, na mdomoni limevikwa kopo la maziwa liwe kichwa. Huyo ndiye mbwa mkubwa. Dumu la lita kumi ni mbwa wa kati. La lita tano ni kile kijibwa cha kubebwa kwapani, chenye hasira kuliko wote.

"Mbwa wa kweli hatulii," anasema fundi, pini tatu zikiwa kati ya midomo. "Huyu hajawahi kunibwekea wala kunikojolea."

Watu wa mtaa wanamwita Mama Vipimo. Zamani alishona sare za shule. Sasa anashona nguo za wanyama katika chumba kimoja nyuma ya kliniki ya mifugo, chumba chenye harufu ya sabuni ya mbwa na mvuke wa pasi. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, hukaa mama mkwe wake akifumua mishono kwa wembe. Hashoni, anafumua tu. Kwa nini kila siku kuna cha kufumua, ndilo jambo lililonikasirisha hata nikashika kalamu.

Lakini kwanza nilitakiwa kuingia. Mama Vipimo hana muda na wapiga soga.

"Una mnyama?" aliniuliza siku ya kwanza, bila kuinua macho.

"Ninaye. Mbwa dume, anaitwa Kamanda. Aliwahi kumkimbiza mwizi mpaka mwizi akaenda mwenyewe kituo cha polisi kuomba afungiwe."

Mama mkwe alikohoa.

"Shingo?" fundi akauliza.

"Sentimita sitini."

"Kifua?"

"Hamsini hivi."

Mkono wake ulisimama juu ya kitambaa. Akanitazama polepole, kuanzia kola ya shati hadi mkanda wa suruali, kisha akarudi kwenye kazi yake. "Sawa, mzee. Kamanda nitamshonea. Kaa hapo, usikanyage zipu."

Nikakaa. Ndipo nikaelewa kwamba kushona ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii.

Kinachomtoa jasho ni kupanga mzigo wa msimu. Nguo atakayovaa mbwa wakati wa mvua hukatwa miezi miwili kabla, jua likiwaka. Muuza vitambaa akiona wingu tu anapandisha bei, kwa hiyo lazima kitambaa kinunuliwe mapema. Kisha kinakatwa, kinawekwa bitana, kinafikishwa dukani, nako mwenye duka anapiga picha za matangazo.

Zamani hesabu ilikuwa nyepesi. Miezi ya baridi ni sweta. Miezi ya mvua ni makoti yenye kofia. Miezi ya joto ni vesti za pamba nyembamba, zile zinazoloweshwa maji na kukamuliwa kabla ya kumvalisha mnyama ili apoe.

"Miezi ilikuwa na adabu," anasema. "Siku hizi mwezi unaingia umevaa nguo za mwenzake. Redio inanieleza kesho na keshokutwa. Kitambaa kinataka kujua miezi miwili. Hiyo nimuulize nani?"

Wapo wanaomcheka. Watu hawana sweta, wanasema, yeye anawavika mbwa! Akisikia hivyo anasimamisha cherehani.

"Wanaocheka hawajamwona mbwa mzee mwenye ugonjwa wa ngozi, amenyolewa manyoya yote, anatetemeka kwenye sakafu ya kliniki hapo mbele. Mwenye mbwa analia. Mimi ninatoa sweta. Kuna kichekesho gani hapo?" Halafu anacheka mwenyewe. "Paka ndiye kichekesho. Ukimvalisha tu anaanguka ubavu, anajinyoosha, anasubiri mazishi."

Ujuzi wenyewe aliupata kwa aibu. Katika mzigo wake wa kwanza wa sweta alikata kitambaa cha tumboni urefu mmoja kwa wote, dume na jike. Sweta za madume zikarudi zimelowa, na mvua haikuwa imenyesha.

"Dume unamkatia kifupi, hapa, uiache ile sehemu ipumue," ananionyesha kwenye dumu. "Nani angenifundisha? Watoto wa shule niliowashonea sare hawakuwa na tatizo hilo."

"Wengine walikuwa nalo," anasema mama mkwe.

Sasa tuje kwenye hasira.

Mama Vipimo anauza kupitia duka moja kubwa la vyakula na vifaa vya wanyama, na anauza kwa mali kauli. Yaani duka linapokea mzigo bila kutoa kitu. Kikiuzwa, fundi anapata theluthi ya bei. Kisipouzwa, kinarudi kwake. Kitambaa amenunua yeye, umeme wa pasi ni wake, mgongo unaouma ni wake. Mwenye duka ametoa nini? Msumari wa kutundikia.

Mwaka huu mvua haikuja. Fundi alipeleka makoti themanini, ya njano na ya bluu, mishono yake imezibwa kwa mkanda usiopitisha maji. Jua likawaka msimu mzima. Makoti yakaning'inia pale dukani mpaka rangi ya mabegani ikaanza kufifia. Na fedha ya kitambaa cha sweta za msimu unaofuata imo ndani ya makoti hayo hayo. Yakirudi yote, hakuna sweta. Na mwenye chumba ameshasema kwamba safari hii hasubiri kodi.

"Nilimpa bosi wa duka njia nyingine," anasema. Anafungua pazia la pembeni. Kwenye waya zimetundikwa nguo zisizokamilika, hazina bitana wala mikono. "Hivi ni viwiliwili tu. Nakata umbo linalofaa misimu yote, naliacha hapa. Hali ya hewa ikishajitangaza, naweka bitana ya mvua, au ya baridi, au naacha wazi kwa joto. Siku nne tu, mzigo uko dukani."

Bosi amesemaje?

"Amesema nguo nusu haipigwi picha. Anataka mzigo kamili, mapema, kwa ajili ya tangazo. Tangazo halimtii hasara. Hasara inalala huku kwangu, inafumuliwa na mama mkwe ili kitambaa kitumike tena."

"Nimefumua mpaka vidole vimekuwa na alama," anasema bibi yule. "Ukishona kitu ukakifumua, mwanangu, ni kama kupika ukamwaga. Na aliyekuambia upike yuko kwake, ameshiba."

Siku ya mwisho ya mazungumzo yetu, asubuhi, bosi mwenyewe akatokea. Ni mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye shati lililopigwa pasi na mtu mwingine. Dereva wake akashusha magunia mawili mlangoni.

"Dada, habari za kazi? Nimekurudishia yale makoti. Msimu umekwisha."

Mama Vipimo hakusimama. "Msimu haujakwisha, kaka. Haukuanza."

"Ndiyo hivyo tena. Sasa mimi nifanyeje? Mimi siye ninayeleta mvua."

"Wala mimi. Mbona ikigoma inanigomea mimi peke yangu?"

"Ni mali kauli, dada. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Mwaka jana ile baridi ya ghafla ilipopiga katikati ya miezi ya joto, sweta zangu zilizobaki dukani uliziuza kwa wiki moja. Ukapandisha bei mara mbili. Mimi ukanipa theluthi ya bei ya zamani. Tulikubaliana hivyo pia?"

Bosi akatazama dumu lenye koti, kana kwamba lingejibu kwa niaba yake.

"Ile baridi, kaka, mbona hukuitia kwenye gunia ukaniletea?"

Wembe wa mama mkwe ulisimama. Damu ilinichemka, wasomaji wangu. Hapa kuna mwanamke amekaa mbele ya magunia mawili ya jasho lake, na mtu anamwambia kwa sauti laini kwamba jua ni kosa lake. Nikaona nisaidie, kwa njia ninayoijua.

"Bosi," nikasema nikisimama, "usiyaache hayo makoti. Chama chetu cha wastaafu tunafuga mbwa. Kila mwanachama ana mbwa, wengine wawili. Juzi tu tulikuwa tunalalamika kwamba hatuna makoti. Mbwa wangu Kamanda peke yake..."

Macho ya bosi yakang'aa. "Kumbe! Mko wangapi, mzee?"

"Mzee, kaa," akasema Mama Vipimo.

"Mamia," nikasema.

"Nimesema kaa." Akamgeukia bosi. "Huyu hana mbwa. Ana mdomo."

Nilijaribu kutetea jina la Kamanda. Fundi akainua mkono.

"Siku ya kwanza ulinipa shingo sitini na kifua hamsini. Nimepima mbwa miaka yote hii, sijaona ambaye shingo yake ni nene kuliko kifua. Koti la kumtosha shingoni lingemponyoka kifuani. Ulikuwa unanitajia chupa, mzee, tena uliishika kichwa chini."

Mama mkwe alicheka mpaka akaweka wembe chini asije akajikata. Bosi naye akacheka, na kwa kucheka akadhani mambo yamekwisha. Akageuka aondoke.

"Magunia yako, kaka," akasema fundi.

"Dada, si tumeshaongea?"

"Ningeweza kumwacha mzee akudanganye. Ungeyachukua yote na kuyatembeza kutafuta mbwa wasiokuwapo. Sikutaka. Nimekuwa mkweli kwako, sasa na wewe kuwa mkweli kwangu. Hili jua lilituwakia sisi wote wawili. Gunia moja langu, moja lako. Lako unalipa leo, unakaa nalo mpaka mvua ije. Ikija, faida yote yako, sitaki hata theluthi. Hutaki, baki na misumari yako. Hapo mbele kliniki kuna ukuta mtupu, watu wanakaa saa nzima wakisubiri daktari, na mbwa wao wamo mapajani. Nilikuwa nakuheshimu tu."

Bosi alirudi ndani hatua moja. Dereva alitazama viatu vyake. Mgonjwa mmoja kule kliniki alibweka.

"Na hivyo viwiliwili," bosi akasema mwishowe, akilichungulia pazia. "Siku nne kweli?"

"Nne. Ukinunua kitambaa wewe."

"Nusu kitambaa."

"Nusu. Na picha utapiga hiyo hiyo nguo nusu. Watu wazoee."

Hakusema ndiyo. Mtu kama yule hasemi ndiyo mbele ya mstaafu mwenye kalamu. Lakini alilipa, akamwashiria dereva, na dereva akainua gunia moja, moja tu, akalirudisha garini. Lile lingine mama mkwe alilivuta kwa mguu hadi kwenye kiti chake.

Hizo fedha zinatosha kuanza sweta, anasema Mama Vipimo. Chumba kitalipwa. Ukuta wa kliniki bado anautaka, hata bosi akilitimiza lile la nusu kitambaa: ubao mmoja wenye ndoano, kioo cha chini ili mbwa wajione, na bei aliyoipanga yeye mwenyewe. Daktari ameshakubali.

"Hali ya hewa siwezi kuitawala," anasema. "Nataka tu nisiwe ninayeilipia peke yangu."

Nikafunga daftari, nikaaga, nikavaa kofia.

"Unakwenda wapi?" akauliza. "Oda yako iko tayari."

Akatoa kifurushi nyuma ya pazia. Ndani yake lilikuwa koti la mvua la njano lenye kofia, vifungo vya tumboni, na mgongoni limetariziwa KAMANDA kwa uzi mwekundu. Likiwa limekunjuliwa lilinifika magotini.

"Vipimo nilivichukua kwa macho siku ile ile," akasema. "Kifua chako kipana kuliko ulivyosema. Tumboni nimekukatia kifupi, maana ulisema dume."

"Dada, mimi mstaafu. Hakuna punguzo?"

"Hakuna. Si unaapa kila siku kwamba ukikutwa na uongo utalipa? Au hata kiapo hicho ni cha Kamanda?"

Nililipa bei ya dukani, kamili, theluthi zote tatu. Mama mkwe akasimama kutoka kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaja kunifunga vifungo mwenyewe, na akanikataza katakata kulivua. Nikatoka hivyo, nikakatiza barabara yote hadi nyumbani, watu wakisoma mgongo wangu. Juu hakukuwa na wingu hata moja.