Dumu la Mkubwa

Serikali iliwahi kunigharamia mafunzo ya usalama wa shehena za ndege, Dar es Salaam, katika ukumbi wenye kiyoyozi cha kugandisha vidole. Mimi ni mtu wa maabara, lakini hospitali yetu ya Kasulu ilihitaji mtu mmoja atambuliwe rasmi kuwa mtumaji anayeaminika. Maana yake, nikifunga mzigo mwenyewe, nikautia lakiri na kuukabidhi mkononi, uwanja hauna sababu ya kuupekua hadi ndani. Mkufunzi alikuwa na sauti nzuri. Alisema mzigo hauanzi kulindwa uwanjani, unalindwa tangu unapofungwa. Kila mkono unaoupokea lazima ujulikane, na mzigo ambao hakuna anayejua una nini haupandi ndege. Nilikubaliana naye kwa kila neno. Tulikula chapati na maini, tukapewa vyeti vyenye nembo ya taifa, ya Bibi na Bwana, tukapiga picha.

Kisha nikarudi Kasulu kuyaona mafunzo hayo yakitekelezwa na binadamu.

Ndege yenyewe ni ndogo, ya watu wanaohudumia kambi za wakimbizi, na kwa hisani yao hubeba sampuli zetu. Masika kiwanja cha Kasulu hugeuka tope, kwa hiyo tunaifuata Kibondo. Usalama wa shehena pale Kibondo ulikuwa meza moja, kamba ya katani, na mkaguzi. Mashine ya eksirei haikuwepo, na sikuwahi kuidharau sehemu yoyote kwa kukosa mashine. Mtu akiwa na mikono, macho na pua, na akawa haogopi watu, anakagua vizuri tu.

Huyu alikuwa na mikono, macho na pua. Kijana wa Dar, amevaa reflekta mpya na miwani ya jua ambayo hakuivua hata mvua ilipokuwa inanyesha. Kifaa chake cha kazi kilikuwa spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha. Akiletewa gunia la maharage, anachoma. Unga wa muhogo, anachoma. Nilimwona akimfungulisha mama mmoja Mkongomani wa kambini kitenge chenye samaki wakavu wa kumpelekea mwanawe, akawageuza samaki mmoja mmoja kwa ncha ya spoku, akiwa amekunja pua, huku mama wa watu akirudia, "Pardon, chef, ni samaki tu, pardon." Alipomaliza hakumsaidia hata kufunga. Nilimchukia siku ile, na sijaona sababu ya kuacha.

Lakini ikitokea gari nyeupe ya mkubwa, spoku inarudi mfukoni. Huyo mkubwa simtaji, wala haina haja, kila wilaya anaye wake. Mzigo wa mkubwa haukaguliwi. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo popote, na ndiyo kanuni pekee niliyoiona ikifuatwa kwa uaminifu kuanzia Buhigwe hadi Kibondo: kwenye kizuizi cha maliasili, kwenye foleni ya dirisha la dawa, kwenye mizani ya mahindi. Dereva wake akishusha kitu anasema, "Ni kifurushi cha bosi," na watu wazima wenye vyeti wanatazama pembeni kwa adabu, kana kwamba wameonyeshwa nguo ya ndani ya mtu.

Siku ninayoikumbuka nilikwenda Kibondo na kipande cha mfupa.

Kilikuwa cha binti wa darasa la sita, mtoto wa mama aliyekuwa jirani yangu Kasulu. Mguu wa kushoto ulikuwa umeoza ndani kwa ndani, usaha ukitoka chini ya goti, na kila dawa tuliyokuwa nayo ilikuwa imeshindwa. Daktari wa upasuaji alitoa kipande cha mfupa akanikabidhi. Akasema maabara kubwa ya Dar wakimwotesha mdudu anayekula mfupa na kutuambia dawa gani inamuua, mguu utabaki. Homa ikimpanda mtoto kabla ya jibu, atakata mguu juu ya goti. Alisema hivyo mbele ya mama, kwa Kiswahili chepesi, ili asije akadai baadaye kwamba hakuelewa. Barabara ya kwenda Dar ilikuwa imekatwa na mvua, mabasi yamelala. Ilibaki ndege.

Nilikifunga kile kipande kama nilivyofundishwa: chupa ndani ya kopo, kopo ndani ya pamba, pamba ndani ya kasha baridi lenye barafu, lakiri ya plastiki juu. Mama akaomba tuende wote. Alikaa nyuma ya gari la hospitali, kasha mapajani, amelikumbatia tangu Kasulu hadi Kibondo, na kila gari lilipodunda alilinyanyua kidogo lisidunde nalo. Sikumkataza. Mkono wake ulikuwa unajulikana kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kumwandikia fomu.

Mkaguzi alipotuona tu akachomoa spoku.

"Hilo nini?"

"Sampuli ya hospitali. Lakiri hiyo hapo, na mimi ndiye niliyefunga. Unanijua, afande."

"Sampuli ya nini?"

"Mfupa wa mtu mgonjwa."

Akaruka nyuma hatua moja, kisha akaona aibu, na aibu ikamfanya mkali. Akakata lakiri. Akainua kifuniko kwa ncha ya spoku, akatazama barafu na pamba, na alipotaka kuchoma kopo nililiwekea mkono wangu juu. Nikamwambia akilitoboa hilo, usaha utamrukia yeye kwanza. Akaniachia. Nilikuwa na lakiri nyingine mfukoni, kwa sababu nilishamjua, nikafunga upya mbele yake. Mama alikuwa amechuchumaa nje ya kamba, akipiga makofi taratibu kama wafanyavyo huku kumsalimu mtu wa heshima. "Mwidiwe, baba, mwidiwe," akamwambia yule kijana ambaye angeweza kumzaa. Kijana akafuta ncha ya spoku.

Ndipo gari nyeupe ikaja. Dereva akashusha dumu la njano, la mafuta ya kula, mdomo umezibwa kwa nailoni chini ya kizibo. "Asali ya bosi. Ya harusi, Dar." Mkaguzi akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka kwenye meza upande wa mizigo iliyokaguliwa, akalifuta vumbi kwa kiganja. Kwa kiganja chake mwenyewe.

Sasa, mtu wa Kibondo anaweka kila kitu kwenye dumu la njano: asali, petroli ya kupima kando ya barabara, maji ya kunywa, mawese. Ukiyapanga huwezi kuyatofautisha hadi ufungue. Na asali ya huku, hata uizibe namna gani, ikikaa juani nyuki wanaijia. Lazima kuna tone limebaki shingoni mwa dumu. Nilikaa pale kwenye benchi nikitazama nyuki wakizunguka vidumu viwili vya asali vya mfuga nyuki mmoja, vilivyokwishafunguliwa na kuchovywa spoku kama kawaida, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kwenye dumu la mkubwa. Nikasogea. Halikuhitaji maabara. Lilikuwa linanuka kituo cha mafuta.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, nisimwaibishe. "Afande, dumu lile lina petroli."

"Dada, baki na mifupa yako."

"Linuse."

"Lile ni la mkubwa."

"Petroli ya mkubwa haiwaki?"

Akanitazama, kwa mara ya kwanza bila miwani. "Nikifungua dumu la mkubwa, wewe unajua watanihamishia wapi?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Huku Kigoma ndiko wanakohamishiwa watu. Mimi mwenyewe wa Tanga nilifikaje? Alikuwa amesimama tayari mahali alipokuwa anapaogopa, na bado anaogopa.

Ndege ikatua. Rubani alikuwa mtu mzima, Mkenya, mwenye kutembea polepole. Mizigo ilipoanza kubebwa nilimfuata nikamwambia nilichonusa. Hakubishana. Alikwenda mezani akauliza, "Hii nani amekagua?"

"Imekaguliwa, kapteni," mkaguzi akasema.

"Basi fungua nione."

Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakikosa mikono. Mkaguzi akamtazama dereva. Dereva akatazama gari. Polisi wa zamu akaona jambo muhimu kule mwisho wa kiwanja. Wapakiaji, wanaume wenye misuli, wakashika kamba ya katani kana kwamba wao ndio waliokuwa wamefungiwa. Rubani akasubiri, akaona atazeekea pale, akafungua kizibo mwenyewe. Harufu ikatufikia sote.

Dereva akapiga yowe. "Yarabi! Nimebeba la jenereta!"

Mtu akaguna kicheko. Mimi nilikuwa nimeshinda, na ninakiri nilijisikia vizuri sana, pengine kwa muda wa kufunga kizibo. Kisha rubani akafuta mikono na kitambaa.

"Kama hii mmeniambia imekaguliwa," akasema, "basi sijui ni nini hapa kimekaguliwa. Abiria wataingia na mikono mitupu. Mzigo sibebi. Wote."

Nilimkimbilia. Nilimweleza mfupa, mtoto, mguu, homa. Nilimwonyesha lakiri. Akaitazama kwa huruma, akaniuliza, "Na hii kasha ilikuwa wapi wakati huu wote?" Kwenye meza ile ile, chini ya ulinzi wa mkono ule ule. Alikuwa sahihi. Ndiyo yale yale niliyopigia makofi kwenye kiyoyozi: mkono mmoja ukiwa wa uongo, kila ulichokishika hakijulikani tena. Katika kiwanja kizima tulikuwa wawili tuliofuata sheria, yeye na mimi, na sheria ikaliacha kasha langu chini.

Ndege ikapaa. Mkaguzi akavaa miwani yake.

Tulirudi Kasulu na mama akiwa amelikumbatia kasha vilevile. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, kitenge kimelowa mapajani, naye halinyanyui tena gari likidunda. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema.

"Lile dumu, lingewaka kweli?"

"Huenda. Huenda lisingewaka, mama."

Akakamua pindo la kitenge. "Ungenyamaza, mwana wanje, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Ningejua la kumjibu kama angekuwa na hasira.

Homa ilipanda kabla ya ndege nyingine. Daktari alifanya alichosema.

Wale wengine walipata nini? Jioni ile ile, kwa mkubwa, umeme ulikatika, mlinzi akaingia stoo akachukua dumu lililobaki akalimimina kwenye jenereta. Asali ya harusi yote. Mji mzima ulisimuliana, na fundi aliyeifungua ile jenereta alinionyesha kwa mikono yake jinsi ilivyonata. Dereva alikaripiwa. Mkaguzi alihamishwa kweli, akarudishwa Dar, kwenye uwanja mkubwa wenye mashine, alikokuwa anaota kwenda. Na ndege iliyofuata dumu jipya lilikuja na gari nyeupe, likapokelewa kwa mikono miwili na mkaguzi mpya. Nilisimama mbele ya meza nikasema kwa sauti kwamba halipandi hadi lifunguliwe. Likafunguliwa. Ilikuwa asali, na wote wakanitazama mimi kama mwenye kichaa. Wanitazame. Ninawadharau hadi leo, na kila safari ninasema vilevile.

Kuna mtu mmoja tu ambaye sikuweza kusema mbele yake. Binti alikuwa anakuja kubadilishwa bandeji, na foleni ikiwa ndefu mama yake alikuwa anamkalisha kwenye benchi la maabara yangu. Siku moja, mama akiwa ametoka, aliniuliza.

"Dada, ile ndege ilifika salama?"

"Ilifika."

"Watu wote?"

"Wote."

Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, kisha akavuta kanga ikafunika pale goti lilipokuwa, akaendelea kusubiri zamu yake.