Dagaa Kumi na Mmoja wa Kitabu cha Tereza

Kitabu kile bado kinanuka dagaa. Juzi, siku ya kuhama Mkuyuni kwenda kukaa kwa mjukuu wangu Buzuruga, nilifungua sanduku langu la bati, na kabla mkono haujafika chini harufu ilikuwa imekwisha kufika puani. Chumvi hapana, dagaa wetu wa ziwani tunawaanika bila chumvi. Ni harufu ya jua na jiwe la moto, na mafuta ya samaki yaliyolala ndani ya karatasi miaka thelathini. Nikajua ni chenyewe hata sijakiona.

Niwaambie mapema ninyi mnaosoma: utoto ninaousimulia si wangu. Ni wa huyo mjukuu wangu, Kabula, mtoto wa binti yangu Leokadia. Ila nami nilikuwamo, na kwa upande wa kusoma, kati yake na mimi ni vigumu kusema nani alikuwa mtoto.

Utoto wangu mwenyewe, kule Ukerewe, ulikuwa mfupi upande wa shule. Nilisoma darasa la kwanza, nikaingia la pili, mtama ukaanza kukomaa. Baba akasema ndege hawamngojei mtu amalize hesabu. Nikaenda shambani kufukuza ndege. Mwalimu wetu, Mwalimu Petro, alituma salamu mara mbili kuniulizia, ya tatu hakutuma. Nilipoolewa na kuja Mwanza, mtu akiniuliza nimesoma mpaka wapi nilisema darasa la nne. Sijui kwa nini la nne. Nadhani niliona la tano ni uongo mkubwa mno.

Uongo ule ukanizalia cheo. Katika jumuiya yetu ndogo ya kanisani walinichagua katibu, kwa kuwa nina darasa la nne. Mkutanoni nilikaa na daftari magotini, nikitikisa kichwa na kuchorachora. Nikifika nyumbani nilimsimulia Kabula yaliyosemwa, naye akayaandika kwa mwandiko wa kupendeza. Hakuuliza kwa nini. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sabuni zilirudi madukani, tena za rangi rangi. Mitumba ikawa milima sokoni. Viwanda vya minofu ya sangara vikajengwa kando ya ziwa. Minofu ikapanda ndege, sisi tukala mapanki, ile mifupa inayobaki. Watu walikuwa wakihangaika kila mmoja na njia yake. Leokadia yeye alipanda pantoni pale Kigongo, akavukia Busisi, akaenda kuwapikia wachimba dhahabu upande wa Geita. Alimwambia mwanawe, "Nitarudi kabla ya mvua za masika." Kabula alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Aliitikia, "Haya mama," akaenda kuteka maji.

Mwalimu wake aliitwa Domina, Mhaya, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa na kabati la vitabu vya hadithi, akiazima kimoja kimoja, na sharti lake ni kirudi safi. Tena alikuwa na watoto watano aliobaki nao baada ya masomo, kuwaandaa kwa mtihani wa mwaka unaofuata. Siku hizo kupata sekondari ya serikali ilikuwa kupenya tundu la sindano, na watano wa Mwalimu Domina ndio waliokuwa wakipenya. Mwaka ule walikuwa Shija Lugata, Rehema Juma, Anastazia Bwire, Nyamizi mtoto wa jirani yangu, na Kabula wangu.

Kabula akaazimwa riwaya moja ya vijana. Jalada lilikwisha kuchanika, hata jina lake hatukulijua, tukakiita Kitabu cha Tereza. Tereza ni msichana anayeondoka kwao kwenda kumtafuta baba yake aliyepotelea kwenye kazi za reli. Analala stesheni hii, anaamkia ile, na kila stesheni ina watu wake, wabaya na wema.

Tulikisoma juu ya jabali, pale ufukweni nilipoanika dagaa. Kazi yenyewe ni kutandaza, kugeuza, na kufukuza kunguru na yangeyange. Kabula akitoka shule alikaa na fimbo mkono mmoja, kitabu mkono wa pili, akisoma kwa sauti, na kila baada ya mistari michache anapiga kelele, "Shwaa! Shwaa!" mpaka nikafikiri ni sehemu ya hadithi. Ndege ndio walionitoa shule, na ndege ndio walionirudisha.

Maneno ya kitabu kile yalikuwa si ya Mkuyuni. Bumbuwazi. Taharuki. Ghiliba. Ya kwanza niliyapitisha kama mtu anayepita msibani asikojua wafiwa. Halafu siku moja nikauliza, "Bumbuwazi ni nini?"

"Subiri, bibi. Tereza mwenyewe atakuambia."

Kalamu sikuwa nayo. Nikachukua dagaa mmoja mkavu, nikamlaza ukurasani, kichwa kikilielekea lile neno alilonionyesha kwa kidole. Kurasa mbili mbele Tereza alifungua mzigo wake akakuta mawe badala ya nguo, akasimama mdomo wazi, treni ikaondoka anaiangalia. Nikasema, "Aa! Hilo ndilo bumbuwazi." Nikamtoa dagaa wangu, nikamtafuna. Ikawa ndiyo kanuni yetu: neno nisilolijua linalaliwa na dagaa, nikilijua namla.

Na nikilijua sikulala nalo njaa, nililipeleka kazini. "Mama Nyamizi, mbona umepigwa na bumbuwazi, dagaa wako wanaliwa!" Mama Nyamizi alianika jirani yangu, mdomo wake hauna mlango. Akageuka kwa wenzake: "Jamani, leo Mama Leokadia kameza redio!"

"Bibi, polepole," Kabula akaninong'oneza. "Utawamaliza wote."

"Wewe mke mwenza, soma. Mume wetu marehemu hakunionea wivu, utaniweza wewe?"

Kitabu kilitakiwa Ijumaa. Alhamisi tulizimaliza kurasa za mwisho mbio mbio. Maneno mengi yalinifungukia mle mwishoni, ila kwa furaha ya kumaliza sikurudi nyuma kuwatoa dagaa wangu. Kitabu kikaenda shule nao.

Ijumaa ile Kabula alirudi, akafukuza ndege, akala, akalala. Jumatatu vilevile. Jumanne niliona amerudi mapema, wakati wenzake wanabaki na mwalimu. Nikamuuliza, akasema mwalimu anaumwa. Habari kamili nililetewa na Mama Nyamizi, kwa sauti ya kuwafaa watu wa majabali yote.

"Pole, mama, kwa mjukuu. Nyamizi kaniambia. Mwalimu kakikung'uta kitabu mbele ya darasa, wakadondoka dagaa kumi na mmoja! Mtoto anasema ni alama za maneno asiyoyajua. Mwalimu anatazama neno lenye doa la mafuta, 'hatimaye'. Darasa la sita, hajui hatimaye! Kamtoa kwenye watano, kamweka Joakimu Masanja."

Wakacheka. Mimi niliendelea kugeuza dagaa. Neno hatimaye lilikuwa langu. Yote kumi na moja yalikuwa yangu. Mtoto aliulizwa nani hayajui, akajibu, "Mimi, mwalimu."

Sitawadanganya kwamba niliondoka palepale. Nilikaa siku mbili. Mwalimu Domina alisali nasi jumuiya ileile. Kumwambia yeye ni kuwaambia wote. Niliwaza darasa langu la nne, niliwaza daftari la katibu. Siku ya tatu nilioga, nikavaa kitenge cha kanisani, nikaenda.

"Shikamoo mama," mwalimu akaniamkia pale mlangoni pa ofisi.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa habari ya dagaa."

"Asante mama, lakini wiki hii nimenunua."

"Si wa kula. Wa kitabuni. Wale ni wangu mimi. Kabula hakuwa na hata mmoja."

Akavua miwani. Nikamweleza yote nimesimama, na darasa la pili nikamweleza, na mtama, na ndege. Akaagiza Kabula aitwe, na alipoingia akamuuliza, "Hatimaye ni nini?"

Kabula aliniangalia. Hakujua nimekwisha kusema. Akainamisha kichwa. "Sijui, mwalimu."

Moyo wangu ulifanya kitu ambacho hata kile kitabu hakikunipa jina lake.

"Hatimaye," nikasema mimi, "ni pale Tereza alipokwisha kuzipita stesheni zote, na kuibiwa, na kuugua, akauona mgongo wa baba yake kwenye reli, akaujua kabla hajageuka. Haiji mwanzoni. Ukiisema mwanzoni umesema uongo."

Mwalimu alifuta miwani yake muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Akasema watano ilikuwa mazoea yake tu, haikuwa amri ya Mungu, wakawa sita. Kitabu akanipa. "Kaeni nacho, mama. Kabatini hakirudi, kitaninukishia vingine." Jumapili niliuacha ukatibu, wakanichagua mpishi, cheo kisichoniomba uongo. Mama Nyamizi alicheka mwezi mzima, kisha akaanza kusogeza dagaa wake karibu na wangu, ili asikie vizuri Kabula akisoma. Leokadia alirudi, masika mawili yakiwa yamepita.

Sasa, juzi. Nilikifungua kile kitabu juu ya sanduku, maana siku hizi nasoma mwenyewe, polepole. Ukurasa mmoja karibu na mwanzo ulikuwa umegandamana na wenzake. Nikaubandua taratibu, nikamkuta dagaa mmoja, mwembamba kama jani. Wa kumi na mbili. Mwalimu alipokung'uta, huyu alikuwa ameshika.

Ni pale Tereza analala stesheni usiku wa kwanza, anasikiliza watoto wengine wakiitwa na mama zao. Dagaa amelazwa vizuri, kichwa kimeelekea neno, na neno lenyewe ni upweke.

Sikumweka mimi. Upweke nilikuwa naujua, tuliuimba kanisani. Na Kabula aliyajua maneno yote ya kitabu kile, hakuna hata moja lililomshinda. Siku zote zile tulikaa jabali moja, nikimhesabia maneno ninayoyapata, nikijisifu. Naye aliweka alama yake moja kwa namna aliyoona ninaielewa, akangoja nimuulize. Sikurudi nyuma kuugeuza ule ukurasa.

"Bibi, dereva anatusubiri," Kabula akaita, akaingia na kanga kiunoni. Mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mama wa watoto watatu. Akaona. "Bado wapo? Huyo ni wa neno gani lako?"

"Si wangu," nikasema. "Ni wako."

Akachukua kitabu, akasoma. Akakaa chini sakafuni, pale vyombo vilipokuwa. Nami nikajishusha polepole, magoti haya, nikakaa naye. Nje gari likapiga honi, tukaliacha lipige.