Nyota Yenye Mkia na Kafyu

Miaka ile ya Hali ya Hatari nilipiga picha za vipande, vile vitambulisho vya lazima, mjini Meru mpaka nikazichukia nyuso za watu. Walikuja kutoka Nkubu na Kianjai, wakasimama wima kama nguzo, wakabana pumzi. Hakuna niliyehitaji kumwambia atulie.

Ndipo nyota yenye mkia ikatokea. Mji mzima uliichungulia madirishani, isipokuwa mama yangu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, haoni ila kitu akikisogeza karibu na pua.

"Niletee hiyo nyota, mwanangu," aliniambia. "Nami niione kabla haijaenda zake."

Nikaapa nitamletea. Lakini jioni baada ya jioni mawingu ya mlima yalishuka yakatufunika gubigubi. Niliyatukana mawingu, nikaitukana mvua, na kila asubuhi majirani walisema nyota inafifia. Kwenye filamu nilibakiwa na nafasi ya picha moja tu. Filamu nyingine zilikuwa Nairobi, na nani angenipa ruhusa ya kwenda huko?

Siku mbingu ilipofunguka, kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, ilikuwa imeshaanza. Nilitega kamera uani, nikaliacha jicho lake wazi, maana mwanga wa nyota huingia polepole. Mara lango likasukumwa. Alikuwa mlinzi wa zamu, bunduki begani, kurunzi mkononi.

"Wewe! Unafanya nini huku nje na kafyu imeanza?"

"Naipiga nyota picha, bwana askari. Tafadhali zima hiyo taa."

"Nyota iko na kipande? Piga mimi kwanza."

Akaja moja kwa moja mbele ya kamera, akajimulika usoni, akabana pumzi. Damu ilinichemka. Ningemsukuma, lakini nani alithubutu kumgusa mtu mwenye bunduki siku zile? Alitulia kuliko mteja yeyote niliyewahi kumpata, naye hakuwa na haraka. Alipoondoka, wingu lilikuwa limerudi, na halikuachia tena mpaka nyota ikapotea kabisa. Nilikosa usingizi kwa hasira.

Mama hakutaka kusikia maelezo. Alidai picha hiyo hiyo, akaibandika puani, akaigeuza huku na huku.

"Nyota iko wapi?"

"Haipo, mama. Huyo ni askari."

Akanirudishia.

"Huyu sikukuomba," akasema. "Huyu namwona kila siku, hata kwa macho haya."