Télesphore Aliyeagwa Akarudi

Télesphore Cirhuza, mwana wa Aristote aliyepandisha kinanda cha kanisa mlima wa Kadutu kwa kichwa chake, mjukuu wa Nsimire aliyezalisha wanawake wa mtaa mzima bila kumpoteza hata mmoja; yeye mwenyewe alitoka Bukavu na gitaa mgongoni, akalivusha ziwa, akalifikisha Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, likiwa na nyuzi mbili. Nyingine alizitengeneza kwa waya wa breki za baiskeli. Miaka kumi na saba, kila aliyepata safari ya Amerika au Canada aliagwa kwa gitaa lile. Wimbo wa kuaga aliutunga yeye, na hakuna aliyeagwa kwa wimbo huo akarudi.

Ila yeye.

Jina lake na la mkewe Sophie yalipotoka kwenye orodha ya safari, walifanya kama desturi ya kambi inavyotaka: anayeondoka hauzi vyombo, anagawa. Ukiuza, watasema hukuwa jirani. Sophie akagawa sufuria, godoro, hata cherehani yake. Gitaa akapewa Carelle, binti wa Kirundi wa kwaya. Télesphore akalishika mara ya mwisho, akapiga wimbo, watu wakalia, basi likaondoka.

Lilongwe walilala siku nne katika nyumba ya wageni, mifuko imefungwa. Siku ya tano akaja mtu na karatasi: safari zote zimesimamishwa. Basi lilelile likawarudisha.

Majirani walileta vyombo wenyewe, lakini Sophie alikataa. "Mi sikukopesha batu. Nilibapatia." Basi asubuhi akawa anaazima sufuria, jioni anairudisha imesuguliwa inang'aa, na sufuria ilikuwa yake. Mwezi wa sita homa ikamchukua. Siku ya kumzika, Télesphore hakuimba wala hakugusa uzi.

Sasa safari chache zilikuwa zimefunguliwa tena, na ilikuwa zamu ya jirani Minani na watoto wake kuondoka, Alhamisi. Carelle alikuwa amekwenda kwa Télesphore mara tatu kuomba afundishwe wimbo, kwa maana mwisho wake hakuna mwingine aujuaye, na mzee amekwisha pita sabini. Mara tatu alimfukuza. "Wimbo ule ni mwongo," alisema. Mara ya nne binti hakuomba kitu. Alimwambia tu kwamba kwa Noël, mwenye chumba cha video, leo mchana hakuna mpira, kuna filamu ya magitaa.

Akaenda. Mpiga gitaa ni mpiga gitaa.

Ilikuwa habari ya bendi ya wazungu, wazee wa nywele ndefu, wanapiga rock mara ya mwisho katika mji waliozaliwa. Uwanja umejaa, watu wanalia. Noël alisimama kando ya televisheni akitafsiri kwa sauti, kama kawaida yake.

"Anasema, asanteni, huu njo mwisho."

"Banahamia wapi?" akauliza Télesphore.

"Hawahamii, papa. Banabakia palepale."

"Sasa banaaga nani? Kesho si tutabakuta sokoni banachagua nyanya!"

Chumba kikacheka. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Papa, we acha kubasema! Basi lako lenyewe lilikuwa na gia ya nyuma!"

Kicheko kikakatika. Télesphore akacheka yeye, peke yake, kwa nguvu, maana angenyamaza wangemhurumia.

Filamu ikaendelea. Asubuhi baada ya uwanja, yule mwimbaji alitoka nyumbani kwake kwenda kununua mkate. Mwanamke wa dukani akamwona, akasimama na mkate mkononi, hajui amsalimie vipi mtu aliyemlilia jana. Mwimbaji akatazama viatu vyake. Noël hakutafsiri kitu, kwa kuwa hakuna aliyesema neno.

Télesphore hakukejeli tena. Mkate ule aliujua. Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi kutoka Lilongwe, Goreth wa kioski alishika mkate hivyohivyo, akasema, "Kumbe... bado muko?" Sophie ndiye aliyejibu, "Tuko, mama," akarudi nyumbani bila kununua.

Akainuka, akatoka kabla filamu haijaisha. Carelle akamfuata mpaka nyuma ya chumba.

"Mzee, nisamehe. Sikujua itakuumiza."

"Lete gitaa."

Alilichukua, akalinusa kwanza, halafu akampigia wimbo wote polepole. Mwishoni akakosea, akarudia. Akampa binti, akamshika vidole akiviweka, mpaka jua likaanza kushuka na Carelle akaumaliza bila kosa.

"Alhamisi usiupige," akamwambia.

"Sasa mzee, nimejifunza wa nini?"

"Sikia. Minani apande basi, umupungie mukono tu. Afike Lilongwe, apande ndege, ashuke. Siku atapiga simu aseme nimefika, weka ile simu karibu na gitaa, umupigie wote, mpaka mwisho. Na wengine vilevile. Usiage mutu iko njiani. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi leo anza na Sophie. Pita kule makaburini, kaa chini, mupigie." Akampa mkanda wa gitaa, ule aliokuwa ameshonewa na mkewe, ambao hakuwahi kuugawa. "Ye amekwisha kufika."